Karabai Chini ya Sufuria: Pazia la Skrini na Betri ya Asiyeona

Umeme ulikatika usiku mtaani Langoni, hapa Lamu, na mtoto wa jirani akanijia barazani akaniomba nisisogee. "Ami, tulia hapo hapo. Champali yangu imepotea na wewe ndiwe mwenye mwangaza." Nilicheka. Mwangaza na mimi hatujuani tangu nikiwa na miaka saba. Kumbe mtoto alisema kweli. Laptopu iliyokuwa mapajani mwangu, ninayoitumia kwa masikio na vidole tu, ilikuwa inamulika mpaka ukuta wa pili wa kichochoro. Champali ikapatikana. Mimi nikabaki na hesabu yangu: kila siku nalalamika kwamba betri haidumu hata kwa muda wa saa tatu, kumbe sehemu kubwa ya chaji hiyo naipeleka kuwamulikia wapita njia.

Nilimpigia simu rafiki yangu wa Malindi, naye haoni kama mimi. Akanijibu kama mtu aliyemaliza suala zamani: "Weka pazia la skrini, bwana, betri itadumu." Ushauri huu umezunguka sana kati yetu. Nimeusikia kwa walimu, kwa wanafunzi, hata kwa watu wenye macho yao mawili. Niliufuata miezi miwili mizima kabla ya kung'amua kwamba kwenye laptopu yangu haukuokoa chochote.

Pazia la skrini ni huduma iliyomo ndani ya programu zinazotusomea kompyuta. NVDA, ile ya bure ambayo Michael Curran wa Australia alianza kuitengeneza mwaka 2006, ililipata katika toleo la 2019.3. Unabonyeza kitufe cha NVDA, ambacho kwa wengi wetu ni Insert au Caps Lock, pamoja na Control na Escape. Ukibonyeza mara moja, pazia linakaa mpaka NVDA ifungwe. Ukibonyeza mara mbili upesi, linakaa siku zote. JAWS, kisoma skrini kingine cha Windows, nayo ina lake: Insert na Space, kisha F11. Kwenye Mac, ambayo kisoma skrini chake ni VoiceOver, ni vitufe vya VoiceOver, yaani Control na Option, pamoja na Shift na F11. Kwenye iPhone yenye VoiceOver unagonga kioo mara tatu kwa vidole vitatu, na kwenye Android utalikuta katika menyu ya TalkBack, kisoma skrini chake. Kote huko jicho la jirani litaona kitu kimoja: kioo cheusi tii.

Basi akili inasema: kioo kimekuwa cheusi, kwa hiyo kimezimika, kwa hiyo hakili umeme. Kosa liko katika ile "kwa hiyo" ya kwanza.

Aliyekulia Pwani anaijua karabai, ile taa ya mafuta na pampu ambayo wavuvi huenda nayo baharini usiku kuvutia samaki. Chukua karabai inayowaka uifunike kwa sufuria kubwa. Chumba kitaingia giza. Mafuta je, yameacha kuungua? Mwenye macho anaweza kudanganyika, lakini sisi hatudanganyiki, maana karabai ina sauti. Tega sikio: bado inavuma chini ya sufuria, na tangi linazidi kupungua.

Skrini ya LCD, ambayo ndiyo iliyo kwenye laptopu nyingi tunazonunua, ni karabai ya namna hiyo. Nyuma ya kioo kuna taa, safu ya vitaa vidogo vya LED ambavyo mwanga wao hutandazwa kioo kizima. Mbele ya taa kuna vilango vya fuwele kioevu. Kila nukta ya picha ina vilango vitatu: cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, yaani vilango zaidi ya milioni 6. Rangi nyeupe ni vilango vyote kuwa wazi, na nyeusi ni vilango vyote kufungwa. Ile taa ya nyuma haiulizwi kitu. Kwa kawaida inawaka vile vile, vilango viwe wazi au vimefungwa. Na pazia la NVDA kazi yake iko kwenye vilango. Linatumia zana ya Windows ya kukuza maandishi, ambayo pia inaweza kubadilisha rangi za skrini nzima, na kuiagiza igeuze kila rangi kuwa nyeusi. Sufuria imefunikwa, karabai inavuma.

Sasa mbona rafiki yangu aliapa kwamba kwake pazia limefanya kazi? Kwa sababu alilijaribu kwenye simu yenye skrini ya OLED. Huko hakuna karabai ya nyuma. Kila nukta ni kibatari chake peke yake, na kibatari cha nukta nyeusi hakiwashwi kabisa. Ukiweka pazia kwenye OLED umezima vibatari vyote, na betri itakushukuru. Alichoona kwenye simu akakihamishia kwenye laptopu bila kuuliza kioo chake ni cha aina gani, ukweli wa chombo kimoja ukageuka uongo kwenye chombo kingine. Hata ile mandhari nyeusi inayosifiwa kwamba inaokoa chaji iko hivyo hivyo: kwenye OLED inaokoa, kwenye LCD ni urembo wa macho ya watu. Siku hizi zipo laptopu za OLED pia, na zipo simu nyingi za bei nafuu zenye LCD, kwa hiyo usikisie. Soma karatasi ya sifa za kifaa au mwulize aliyekuuzia.

Haya hayamaanishi pazia halina faida. Faida yake ni siri. Panda mashua asubuhi kutoka Mokowe kuja Lamu, watu wamebanana bega kwa bega, halafu ufungue ujumbe wa benki. Wewe hujui nani anakusomea begani. Niliwahi kuwa naandika barua ya kuomba kazi, na bwana aliyekaa nyuma yangu akanisahihishia tahajia. Alikuwa na adabu, na neno kweli nilikuwa nimelikosea, lakini tangu siku hiyo sifungui kitu safarini bila pazia. Usisahau tu kwamba pazia linafunika macho ya watu, halifuniki masikio yao. Vaa spika za masikioni. Mimi wakati mwingine sivai, maana sauti ya eSpeak, ile programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, niliyoizoea inakimbia kiasi kwamba bibi mmoja aliniuliza kama nasikiliza redio ya Wachina. Ilikuwa inasoma Kiswahili.

Pazia lina gharama zake ndogo ndogo pia. Ukitaka NVDA ikusomee maandishi yaliyomo ndani ya picha, kwa kitufe cha NVDA na R, itakataa mpaka ulifungue, kwani nayo inahitaji kuiona ile picha iliyofunikwa. Gharama kubwa zaidi niliilipia Malindi.

Nilikwenda huko na laptopu kubadilishiwa betri: mashua mpaka Mokowe, kisha basi la kupitia Witu na Garsen. Nikamwachia fundi, nikaenda kuswali. Niliporudi alikuwa na sauti ya tanzia. "Mzee, betri ni jambo dogo. Kioo kimekufa." Akataja bei ambayo ingeninunulia mbuzi wa Idi. Nikamwuliza kama alipowasha hakuona chochote. Akasema alama ya Windows yaja vizuri, hata pale pa kuandika neno la siri paonekana, halafu giza. Na sauti je? Sauti ameizima, kwa sababu "kuna mtu anaongea ndani."

Kioo kilichokufa hakianzi kwa salamu. Kama kimekufa, kimekufa tangu kitufe cha kuwasha. Kikionyesha alama ya Windows kisha kikafa NVDA inapoanza, hilo ni pazia. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza vitufe vitatu. Fundi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Subhanallah." Simlaumu sana. Vitabu alivyofundishiwa havikumwambia kwamba yupo mtu anayeweza kukifanya kioo cheusi kwa hiari yake. Kama ni wewe unayemsaidia asiyeona na umekutana na kioo cheusi, zima taa za chumbani. Mara nyingi LCD yenye pazia itaonyesha weusi wenye kijivu kidogo, kwa sababu mwanga wa nyuma huvuja. Kama ni giza kabisa, mulika kioo kwa tochi kwa upande. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ndiyo iliyokufa, au mwangaza umeshushwa hadi chini kabisa.

Na huko kushusha mwangaza ndiko kulikokuwa dawa yangu. Pampu ya karabai ya laptopu ni kipimo cha mwangaza. Kitufe cha Windows pamoja na A hufungua kisanduku cha mipangilio ya haraka. Zunguka kwa Tab mpaka usikie kipimo cha mwangaza, kisha mshale wa kushoto mpaka 0. Njia ninayoipenda ni ya zamani zaidi: Windows na X, kisha B, ambayo kwenye laptopu hufungua dirisha dogo la mambo ya safari, na mwangaza umo humo. Kama laptopu yako ina kihisi cha mwanga, zima ule mpangilio wa kubadilisha mwangaza wenyewe. Ukikaa barazani saa sita mchana, kihisi kitaona jua na kuongeza mwanga ili "uone vizuri". Mara nyingi mkosaji mkuu ni vile vitufe vya mwangaza vilivyo juu ya kibodi. Kwenye kompyuta nyingi ukivigusa hakuna sauti itakayokuambia umepandisha au umeshusha, kwa hiyo mtu anaweza kuishi mwaka mzima kwenye 100 kwa sababu ya kidole kilichoteleza, au mjukuu aliyetaka kutazama katuni.

Tuweke hesabu ya mfano. Tuseme betri yako ina wati-saa 45. Kompyuta bila skrini, ukiandika na kusoma tu, inakula wati 6. Skrini kwenye mwangaza wote inakula wati 5, na kwenye 0 inakula wati 1. Mwangaza wote: gawanya 45 kwa 11, unapata saa 4 na kidogo. Mwangaza ukiwa 0: gawanya 45 kwa 7, unapata saa 6 na kama dakika 26. Pazia likiwa limewekwa na mwangaza bado uko juu, unarudi kwenye zile saa 4. Kompyuta yako itakuwa na tarakimu zake, lakini mpangilio wa hesabu hautageuka: kadiri kompyuta inavyokula kidogo kwa kazi zake, ndivyo skrini inavyokuwa sehemu kubwa ya deni. Anayesoma na kuandika ana mengi ya kuokoa hapo. Anayehariri video atafaidika kidogo, kwa sababu kichakataji chake kinakula kuliko taa.

Pima mwenyewe. NVDA, Shift na B hukutajia asilimia ya betri. Andika asilimia, soma au andika saa nzima, andika tena. Usiku wa pili badilisha mwangaza tu, mengine yaache vile vile. Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja, hutajua lipi limefanya kazi.

Wengine wanasema: kwa nini nisiweke skrini ijizime baada ya dakika moja? Weka, haina ubaya. Ila fahamu kwamba kila kitufe unachobonyeza huiamsha, na sisi tunabonyeza kutwa. Hata kusogea mstari mmoja ni kitufe. Mpangilio huo unamfaa aliyeinuka kwenda kuchota maji, si aliyekaa kazini.

Njia ya kuua taa kabisa ni kufunga kifuniko. Katika mipangilio ya umeme unaiambia Windows kwamba kifuniko kikifungwa isifanye lolote, unaunganisha kibodi ya nje, unafunga, unaendelea kuandika. Taa inazimika, na katika mfano wetu wati 6 peke yake zinakupa saa 7 na nusu. Baadhi ya wenzangu hawafanyi kazi kwa namna nyingine. Laptopu wameifanya sanduku la sauti chini ya meza. Mimi naitumia kwa tahadhari, kwa sababu mbili. Laptopu nyingine hupumulia kwenye kibodi, na ukiifunga hewa moto inabaki ndani. Tena ukishaizoesha hivyo, siku moja utafunga kifuniko, utaitia mkobani ukidhani imelala, na itaendelea kukimbia humo mpaka iwe chungu cha biriani. Kabla ya safari naizima kwa kuipeleka kwenye usingizi mzito, ule ambao kumbukumbu huandikwa diskini na umeme ukakatwa.

Kuna jambo moja la kutofanya kwa kutafuta chaji. Watu hushusha ukubwa wa skrini kutoka nukta 1920 hadi kidogo zaidi, au huacha madirisha yakiwa madogo, wakisema "mimi sioni, ya nini ukubwa?" Kwenye LCD huokoi cha maana, na unajipunguzia kompyuta. Kurasa nyingi za intaneti hujipanga kwa upana wa dirisha: likiwa jembamba, menyu yote huingia ndani ya kitufe kimoja, na kiungo ulichokizoea jana leo hakipo. Word na Excel nazo, dirisha likibana, hukunja vitufe vya juu katika vikundi. Kisoma skrini hukusomea kilichopangwa, na upangaji unafuata upana. Nimemfundisha kijana mmoja aliyekuwa na hakika kwamba tovuti fulani imeondoa sehemu ya kujaza fomu. Tulibonyeza Windows na mshale wa juu, dirisha likajaa skrini, fomu ikarudi. Cha kushusha ni kasi ya kuchora upya: kama skrini yako huchora mara 120 kwa sekunde, iweke 60, maana ule ulaini wa mwendo ni wa macho tu. Na zima taa za kibodi, kama zipo.

Wenye uoni hafifu wasisome haya yote kama yao. Mwangaza 0 utawanyima kazi. Kwa baadhi yao, maandishi meupe juu ya weusi hupunguza mng'ao unaoumiza, na hapo ndipo wanaweza kuteremsha mwangaza bila kupoteza herufi. Kila mmoja na jicho lake.

Kama umeshusha mwangaza na betri bado haifiki popote, huenda betri yenyewe imezeeka. Fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg, nafasi, /batteryreport, ubonyeze Enter. Itaandika ripoti kwenye folda yako, nayo ni ukurasa wa kawaida wenye vichwa na majedwali, kwa hiyo H na T za NVDA zinakupeleka kote. Tafuta tarakimu mbili: uwezo ambao betri iliundwa nao, na uwezo inaoweza kujaa leo. Yangu iliyonipeleka Malindi ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Joto la huku halisaidii. Betri za lithiamu huzeeka upesi zikikaa katika joto huku zimejaa pomoni, na miezi ya kaskazi ndivyo tunavyoziweka: chaji 100, ukutani kutwa, chumba bila upepo. Laptopu nyingi zina mpangilio wa kuishia 80, na huu ni mzuri kwa anayefanya kazi karibu na umeme. Tatizo ni mahali ulipofichwa. Kwa baadhi ya watengenezaji umo katika programu yao ambayo vitufe vyake havina majina, kisoma skrini kinabaki kusema "kitufe, kitufe, kitufe". Kwa wengine umo kwenye mipangilio ya kuwasha mashine kabla Windows haijaamka, na huko hakuna NVDA wala JAWS itakayosema neno. Hapo nilimwita mtoto wa champali. Alinisomea mstari kwa mstari, nikamwambia pa kushuka, tukahifadhi. Alidai ice ya ukwaju kwa kazi hiyo.

Chini ya laptopu nimebandika karatasi kwa ajili ya mafundi. Mtoto huyo huyo ndiye aliyeiandika, nami nikamtajia maneno: "Kioo ni kizima. Mwangaza uko 0, upandishe kwa vitufe vya juu. Bado giza? Insert, Control, Escape. Anayeongea ndani ni kompyuta, usimzime." Pembe moja imeanza kubanduka kwa unyevu wa bahari, itabidi niibandike upya kabla ya safari ijayo ya Malindi.